Shairi Likigoma Ubeti wa Tatu: Namna ya Kulikwamua

Shairi la arudhi, yaani lenye kufuata kanuni za vina na mizani, halikwami mwanzoni. Ubeti wa kwanza huja wenyewe, mara nyingi pamoja na kibwagizo chake (mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti), mtunzi akiwa kituoni anasubiri daladala. Wa pili huja kwa kusukumwa kidogo. Wa tatu ndio unaogoma. Maneno ni yaleyale yanarudi, mshororo unafutwa mara nne, na kabla usiku haujakwisha mtu ameshaanza kujiuliza kama yeye ni mshairi kweli au alibahatisha tu.

Hakuna uchawi katika ubeti huo. Ukifika hapo, maneno rahisi ya kina ulichochagua (silabi inayofanana mwishoni mwa vipande) umeshayatumia, jambo lililokuwa likikuwasha moyoni umeshalisema, na ile raha ya kuanza imepoa. Hayo ni matatizo matatu, na kila moja lina dawa yake. Wengi hushindwa kwa sababu wanatafuta kina usiku kucha ilhali kilichowaishia ni hoja, au wanajilaumu hawana kipaji ilhali walichagua tu kina kibaya.

Maelezo haya yanahusu hasa tarbia: mishororo minne kwa ubeti, mizani (silabi) 16 kwa mshororo, nane za ukwapi, kipande cha kwanza, na nane za utao, kipande cha pili, vina vya kati na vya mwisho. Mwenye utenzi naye atapata chake, ingawa vipande vyake vya mizani nane humkwamisha kwa namna nyingine kidogo, kwani kina cha bahari, kile kinachofunga kila ubeti, humfuata mpaka mwisho.

Hatua ya kwanza: jua umekwama wapi

Funika daftari. Sema kwa sauti, kwa maneno ya kawaida, ubeti unaokusumbua unataka kusema nini. Sentensi mbili tu, kama unayemweleza jirani dirishani.

Ukishindwa kusema, umekwama kwenye hoja. Achana kabisa na vina kwa leo.

Ukiweza kusema vizuri lakini maneno hayaingii kwenye mshororo, umekwama kwenye kina au mizani. Hilo ni tatizo la ufundi, na ufundi una njia zake.

Ukiweza kusema, vina unavyo, mizani unaijua, ila kila ukitaka kufungua daftari unakumbuka kwamba hujaosha vyombo, basi huo ni woga. Tutaufikia.

Vifaa

Daftari la hesabu, lile lenye miraba midogo, penseli na kifutio. Mraba mmoja silabi moja, na kila baada ya miraba nane piga mstari wima. Kosa la mizani litaonekana kwa macho kabla hujahesabu kwa vidole. Simu yoyote yenye kurekodi sauti inatosha kwa kazi itakayokuja baadaye. Kamusi iwepo, lakini usiitegemee kwa vina: imepangwa kwa herufi za mwanzo, nawe shida yako iko mwishoni mwa neno.

Hatua ya pili: hoja

Andika namba 1 hadi 6 pembeni mwa ukurasa. Mbele ya kila namba andika sentensi moja ya nathari, ya maneno yasiyozidi 12. Hizo ndizo beti zako. Kwa mfano, mtu anatunga kuhusu bei ya mkaa kwa mama ntilie:

1. Mkaa umepanda, chakula kimepungua, mteja amenuna.
2. Mama amejaribu kuni, moshi ukamfukuzia wateja.
3. Gesi nayo mtungi wake una bei yake.
4. Dalali wa mkaa anasema yeye naye kauziwa ghali.
5. Mteja huyohuyo kazini kwake mshahara uko palepale.
6. Kaditama, yaani ubeti wa kufunga.

Angalia namba 2 hadi 5: kila moja ina mtu mwingine au kitu kingine. Shairi linalokwama kwa hoja karibu kila mara lina beti tatu zinazosema jambo moja kwa maneno tofauti: maisha magumu, hali ni ngumu, ugumu umezidi. Ubeti wa tatu unagoma kwa haki, maana hauna kazi. Ukiona sentensi mbili zinafanana, futa moja na uulize: nani mwingine anaguswa na jambo hili? Muuzaji, mnunuzi, mtoto wake, mwenye nyumba, mgambo wa jiji. Kila mtu mpya ni ubeti.

Usipopata hata sentensi nne, huna shairi la tarbia, una kibwagizo. Kihifadhi ukurasa wa mwisho wa daftari na ulale. Vibwagizo vyema vilivyokosa shairi si hasara. Miezi sita baadaye hupata mwili wake.

Hatua ya tatu: kina

Hapa ndipo penye mgogoro mkubwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tuseme ubeti wa kwanza ulianza hivi:

*Bei ya mkaa jama, imepanda hadi juu*

Mizani iko sawa, nane kwa nane. Lakini tazama mtunzi amejifunga wapi. Kina cha mwisho ni "juu". Kuna nafuu, kuu, miguu, wajukuu, karafuu, na baada ya hapo ni kukwaruza sakafu. Ubeti wa kwanza umemeza juu, nafuu na kuu. Wa pili unabaki na miguu na wajukuu. Wa tatu unapofika, shairi la mkaa wa Manzese, Dar es Salaam, linajikuta Pemba kwenye karafuu, na si mtunzi aliyetaka kwenda huko, ni kina kilichompeleka. Msomaji huliona jambo hili mara moja. Halafu "jama" ya ukwapi haikuletwa na maana, imeletwa kuziba miraba miwili.

Fanya hivi. Kabla ya kuandika mshororo hata mmoja, chukua kina unachokifikiria, tuseme *-nda*, na ukipitishe kwenye irabu zote tano, ukibadilisha konsonanti ya mbele:

-anda: banda, ganda, kitanda, panda, kiwanda, njia panda
-enda: penda, tenda, kwenda, tenda ya serikali
-inda: winda, linda, shinda, pinda
-onda: konda, ponda, kidonda
-unda: unda, vunda, funda, tunda, punda

Dakika kumi, na una maneno ishirini ambayo kamusi isingekupa kwa saa nzima. Yaandike kwa safu mbili, majina upande huu na vitenzi upande ule. Kina kizuri kina vyote viwili. Kina chenye vitenzi vitupu huchosha sikio.

Kuna vina vinavyoonekana rahisi na vina hila yake. *-ni* ndiyo ghala kubwa kuliko yote, kwani karibu kila jina la kitu hukubali: jikoni, sokoni, mezani, mtaani. Ndiyo maana ukitumia matatu ya namna hiyo kwenye ubeti mmoja, msikilizaji anahisi umetembea tu nyumbani ukitaja vyumba. Changanya na nani, imani, thamani, shetani, sahani. *-wa* nayo ni nyepesi kwa sababu ya kauli ya kutendwa: imechukuliwa, imenunuliwa, imetolewa. Lakini shairi la malalamiko lililojaa kutendwa halina mtendaji. Ubeti wa nne mtunzi anakwama kwa kuwa hajawahi kumtaja aliyechukua. Kwa maoni yetu *-na* na *-ma* ndizo zinazomfaa zaidi anayeanza: sana, jana, kijana, ona, pendana, mama, nyuma, salama, lawama, soma.

Ukishindwa kupata neno, geuza kauli ya kitenzi. Pika inaishia *-ka*, pikwa *-kwa*, pikana *-na*, pikisha *-sha*. Hoja ni ileile, mlango ni mwingine. Au geuza mpangilio: ruhusa ya kuboronga sarufi ipo tangu zamani, ila kwa kiasi. "Sahani haifunikwi na wali" ikigeuka "wali haufuniki sahani" umeshapata *-ni* bila kumuumiza mtu.

Sasa turudi kwa mama ntilie na kuandika upya:

*Mkaa umeshapanda, moto hafifu jikoni,*
*Wali nao umekonda, haufuniki sahani,*
*Mteja jicho laganda, neno lakwama kooni,*
*Mwenye makosa ni nani, mpishi au gunia?*

Hesabu miraba: m-ka-a-u-me-sha-pa-nda, nane, mo-to-ha-fi-fu-ji-ko-ni, nane. Endelea mwenyewe. Maneno yaliyobeba vina ndiyo yanayobeba habari: panda, konda, ganda. Hakuna "jama", hakuna "walahi", hakuna "ndugu zangu sikizeni". Kibwagizo kimechukua *-ni* ya mwisho na kuiweka kati, kisha kikaachia mwisho wake huru. Mpango huo ni wa kawaida na unakupunguzia mzigo.

Mzigo wa bahari uliyochagua

Wengi huanza kwa bahari (aina ya shairi) ya mtiririko bila kujua wameahidi nini. Mtiririko unadai vina vilevile toka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Shairi la beti saba lenye kibwagizo kinachojirudia linahitaji maneno 21 ya kina cha kati na 21 ya kina cha mwisho, bila kurudia. Ukiwa na maneno tisa mfukoni, kila ubeti unakula matatu, na kugoma kwako kumepangiwa tarehe.

Hama. Ukaraguni unakuruhusu kubadili vina kila ubeti: maneno matatu ya kati, matatu ya mwisho, kisha unaanza upya. Ukara uko katikati: upande mmoja wa vina unashikiliwa, mwingine unabadilika. Kuhama kutoka mtiririko kwenda ukaraguni si kushindwa, na shairi halitaitwa guni kwa hilo. Guni ni lile linaloahidi kina au mizani kisha likavunja ahadi katikati, ubeti mmoja ukiwa na mizani 16 na mwingine 15.

Kipimo chetu ni hiki: kwa ukaraguni, uwe na maneno nane ya kina kabla hujaanza ubeti wenye kuhitaji matatu. Kwa mtiririko, uwe na 30 kabla ya ubeti wa kwanza. Ukikosa, badilisha kina leo, si ubeti wa tatu.

Kibwagizo nacho huweza kuwa ndicho kinachokaba. Kama kila ubeti unaishia kulazimishwa uelekee "mpishi au gunia?", acha kukirudia. Weka mshororo wa nne tofauti kila ubeti, uwe kituo.

Hatua ya nne: mizani

Hapa mambo ni mafupi. Mshororo ukizidi silabi moja, kata kirejeshi kwanza. "Mteja aliyeagiza" ni tisa. "Mteja aloagiza" ni nane. Hiyo ndiyo inkisari. Ukipungua silabi moja, refusha kwa mazida: "mama akose afya" ni saba, "mama akose afiya" ni nane. Tabdila hubadilisha herufi bila kugusa hesabu: sikia ikawa sikiya, kujua ikawa kujuwa, ukapata kina cha *-ya* au *-wa*. Kwa kila ubeti mmoja, ruhusa moja ya namna hii inatosha. Zikifika tatu, hoja yenyewe imeandikwa vibaya. Rudi kwenye sentensi ya nathari utafute kitenzi kingine.

Makosa ya kuhesabu hutokea palepale kila siku. M na n zinazosimama peke yake ni silabi: m-tu, n-chi, m-bwa. Lakini mbuzi ni mbu-zi, na ng'ombe ni ng'o-mbe. Maneno kama labda na daftari yanagombanisha watu, kwani mmoja anasoma lab-da akapata mbili, mwingine anaimba la-b-da akapata tatu. Usikeshe hapo. Andika "huenda" au "pengine", zote ni tatu bila ubishi.

Kisha rekodi. Imba ubeti kwa mahadhi yoyote unayoyajua, hata ya kaswida, weka simu kando, sikiliza baada ya saa moja. Mahali ulipovuta pumzi pasipostahili au ulipokimbiza neno, pana tatizo hata kama miraba inasema nane. Mara nyingi ni neno lililokatwa na mpaka wa ukwapi na utao. Kipande kimalizike pamoja na neno.

Hatua ya tano: woga

Woga wa mshairi wa Kiswahili una sura zake, si ule wa jumla wa kuogopa karatasi nyeupe.

Sura ya kwanza: "Kiswahili changu si cha pwani." Mtu wa Kahama au Kakamega anadhani ushairi ni lazima uwe na *mtima*, *huno* na *ngoa*, basi anatafuta maneno asiyoyatumia, anayachanganya na ya kwake, na shairi linakuwa na lahaja tatu zisizosalimiana. Kukwama kunafuata, kwa sababu hawezi kufikiri kwa maneno ya kuazima. Dawa: ubeti wa kwanza andika kwa maneno ambayo ungeyatamka sokoni tu. Ukimaliza shairi zima, ruhusu neno moja la kale mahali panapolihitaji kwa maana, na uwe umeshalisikia likitumiwa na mtu.

Sura ya pili: "Malenga wameshasema yote." Basi wajibu. Hili si fumbo, ni zoezi, na ni la jadi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, na kurasa za mashairi magazetini zimeishi miaka mingi kwa malumbano ya namna hiyo. Chukua shairi la mtu lililokukera, hata la juzi gazetini, tumia vina vyake na idadi yake ya beti, ukatae hoja yake. Umepewa mada, bahari, vina na mtu wa kubishana naye. Karatasi si nyeupe tena. Beti mbili za kwanza za jibu huandikika kwa hasira tu.

Sura ya tatu: kukimbilia shairi huru, lile lisilofungwa na vina wala mizani. Mjadala wa wanamapokeo, watetezi wa arudhi, na wanamabadiliko, watetezi wa shairi huru, ulipamba moto miaka ya 1970 na hatutaufufua hapa. Shairi huru ni sanaa kamili yenye masharti yake. Ila ukilikimbilia kwa sababu ubeti wa tatu umegoma, kagua kwanza ile hatua ya pili. Kama hoja ndiyo iliyokwisha, kuondoa vina hakutaiongeza. Kutaivua nguo tu.

Kwa siku za kawaida, tenga vikao viwili visivyokutana. Asubuhi dakika 20 za kutunga: penseli tu, kifutio kiko chumba kingine, mizani ikikosewa iache, kina kikikosekana weka msalaba uendelee. Jioni dakika 20 za kukagua: miraba, vina, kurekodi, bila kutunga chochote kipya. Anayetunga na kukagua kwa pamoja hufuta mshororo wa kwanza kabla wa pili haujazaliwa. Lengo ni ubeti mmoja kwa siku. Beti sita ni wiki moja, na Jumapili umepumzika.

Mkono ukikataa kabisa kuanza, iga ujanja wa watunzi wa tenzi. Dibaji zao zilikuwa na mambo yaliyojulikana: Bismillahi, sifa za Mola, kuagiza karatasi na wino. Zilikuwa na kazi ya ibada na adabu, lakini pia zilimpa mtunzi beti kadhaa za kuchemsha mkono kabla ya kisa. Andika ubeti wa kuomba kalamu, kikombe cha chai, hata umeme urudi. Ukishapata mwendo, ubeti huo uufute.

Usimwonyeshe mtu shairi lisilotimiza siku tatu. Ukimwonyesha, usimuulize "zuri?", kwa maana atasema zuri na hutakuwa na la kufanya. Mpe asome yeye kwa sauti, wewe ukiwa na nakala na penseli. Kila anapojikwaa, weka nukta, usimsahihishe. Nukta mbili kwenye kipande kimoja ni kosa lako, si lake. Kisha mwombe akwambie kwa maneno yake ubeti wa tatu umesema nini. Akitoa ile sentensi uliyoiandika pembeni kwenye namba 3, umemaliza. Akisema "maisha magumu", rudi hatua ya pili.

Kaditama

Usiiache mwisho. Itunge siku ya pili, mara tu baada ya ubeti wa kwanza, ili beti za katikati zijue zinakokwenda. Wengi wanaokwama ubeti wa tatu hawajui hata shairi litafungwa kwa swali au kwa ombi. Neno lenyewe ni msaada: ka-di-ta-ma ni mizani nne, nusu ya kipande umepewa bure. "Hapa ndipo kaditama" ni nane kamili, na linakupa kina cha *-ma*: nyuma, salama, lawama. Na kwa shairi la mkaa, neno jingine la kina hicho limekuwa jikoni likipuliza moto tangu ubeti wa kwanza: mama.